Majedwali Yaandikwe, Yasichorwe

Tasnifu za isimu ya Kiswahili hazikosi majedwali: ngeli na viambishi vyake, minyambuliko ya vitenzi, sauti na sifa bainifu. Hata hivyo, ni nadra mwanafunzi kujiuliza jedwali lake limeundwaje. Aghalabu hulichora kwa kipanya, mstari baada ya mstari, kana kwamba tarakilishi ni rula na penseli. Msimamizi akimwagiza aongeze safu ya PA-KU-MU, jedwali zima huteguka. Vichwa husalia ukurasa mmoja, mifano ikahamia mwingine. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Ipo njia nyingine. Mwaka 1977 Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, baada ya kuchukizwa na sura ya prufu za kitabu chake, alianza kubuni TeX. Katika miaka ya 1980 Leslie Lamport akajenga LaTeX juu yake. Humo jedwali huandikwa kwa msimbo: alama ya & hutenga kisanduku na kisanduku, mikwaju miwili ya nyuma hufunga safu mlalo, nayo programu ikapanga mengine. Kifurushi cha longtable hulikata jedwali refu na kurudia vichwa katika kila ukurasa. Aandikaye programu kwa Java hupata msaada kama huo katika maktaba ya iText, inayozalisha hati za PDF. (Kusema haki, Microsoft Word nayo ina amri ya kurudia vichwa, ila ni wachache wanaoitafuta.)

Faida kubwa zaidi si urembo. Mtafiti mwenye vitenzi 200 anaweza kuviweka katika faili moja, kisha programu fupi ikazalisha jedwali lote. Akigundua kosa katika kauli ya kutendesha, hulisahihisha mara moja kwenye faili, na jedwali likachapishwa upya bila mkono kupita tena juu ya data iliyokuwa sahihi.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya wanasayansi wa tarakilishi. La hasha! Visanduku vya jedwali ni vyembamba, na maneno ya Kiswahili ni marefu. Sharti yakatwe mwishoni mwa mstari. LaTeX isipoelekezwa vinginevyo, huyakata kwa kanuni za Kiingereza. Je, ni nani atakayeieleza kanuni za Kiswahili? Mtaalamu wa programu asiyejua fonolojia ataona herufi m na b zimefuatana katika "anayembeba" na "anayeomba", adhani zinakatwa sawa. Katika neno la kwanza, m ni kiambishi cha mtendwa na ni silabi kamili: a-na-ye-m-be-ba. Katika la pili, m haina usilabi: a-na-ye-o-mba. Kuandika "anayeom-" kisha "ba" ni kuivunja silabi, na herufi peke yake haziwezi kuonyesha tofauti hiyo. Inahitajika mofolojia.

Kwa hiyo, idara za Kiswahili zingetenga angalau majuma mawili ya somo la mbinu za utafiti kwa kazi hii: mwanafunzi aandike jedwali la ngeli kwa msimbo, aibadilishe anwani ya "Table" iwe "Jedwali" (ni amri ya mstari mmoja tu), kisha aorodheshe maneno ambayo programu imeyakata vibaya na aeleze sababu. Orodha hizo zikikusanywa mwaka baada ya mwaka, waandishi wa programu watakuwa na kanuni za kuanzia.