Sisi wa juu ya mto tunadaiwa

Mvua ya Aprili inaponyesha hapa Munyaka, mtaro ulio kando ya barabara hujaa kabla mtu hajamaliza kuanua nguo. Maji mekundu hushuka yakibeba udongo, mifuko, maganda ya viazi na kila kilichotupwa tangu Januari. Baada ya saa moja mvua hukatika, mtaro hupungua, nasi humshukuru Mungu kwamba uchafu umeondoka. Umeondoka kwenda wapi? Swali hilo sijapata kulisikia likiulizwa katika mtaa huu, wala sidhani kwamba huulizwa sana katika madarasa yetu, ingawa kila mwanafunzi wa jiografia aweza kukutajia, bila kukosea hata neno, maana ya delta.

Jibu li wazi kwa yeyote mwenye ramani. Maji ya Eldoret humiminika katika mto Sosiani, unaotoka upande wa msitu wa Kaptagat na kupita katikati ya mji. Sosiani huungana na Kipkaren, Kipkaren huingia Nzoia, na Nzoia, ukiwa umekwisha kukusanya maji ya milima ya Cherangani na ya Elgon, hupita Webuye na Mumias hadi Budalangi katika kaunti ya Busia, ambako nchi ni tambarare kama mkeka. Hapo mto huchoka, hutua mzigo wake na kuingia katika Ziwa Victoria karibu na Port Victoria. Udongo uliotoka mtaroni petu umo katika mzigo huo.

Yako na mafungamano mengine, nayo tunayaona kila jioni tunapowasha taa. Sehemu ya umeme wa nchi hii hutoka katika mabwawa matano ya mto Tana: Kindaruma lililokamilika 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Siku hizi mvuke wa Olkaria umechukua nafasi ya mbele, lakini kwa muda mrefu mabwawa hayo ndiyo yaliyokuwa uti wa mgongo wa viwanda vyetu, na mpaka leo yangali yanafanya kazi. Mamia ya kilomita chini yake mto huo hutawanyika katika delta, kisha huingia Bahari Hindi pale Kipini.

Kwa hiyo Munyaka, mtaa ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, umefungamana na delta mbili. Moja twaipelekea maji yetu pamoja na yaliyomo; nyingine twaitumilia maji yake kabla hayajaifikia. Nalieleza hili mapema kwa sababu msomaji wa nyanda za juu, asikiapo habari za watu wa delta na mabadiliko ya tabianchi, hudhani anasimuliwa mambo ya ugenini.

Yafaa tuanze kwa kusahihisha kosa moja. Twazungumza kana kwamba mafuriko ndiyo yaliyowafanya watu wa delta kuwa maskini. Sivyo. Mafuriko ndiyo yaliyokuwa mali yao. Wapokomo wa delta ya Tana walilima mpunga kwa hesabu ya mto na bahari: bahari inapojaa huyasukuma nyuma maji matamu ya mto, nayo hupanda mashambani, yakanywesha mpunga bila mashine wala senti moja ya dizeli. Mto ulipofurika mara mbili kwa mwaka uliacha udongo mpya na kujaza maziwa madogo yenye samaki. Wafugaji wa Orma nao waliteremsha ng'ombe wao deltani wakati wa kiangazi, kwa kuwa majani yalibaki mabichi huko hata bara yote ilipokauka. Huo ulikuwa uchumi kamili, wenye sheria na mapatano yake. Hata mkondo wenyewe una mkono wa binadamu: katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuuunganisha Tana na mto Ozi, na baadaye Tana ukaufuata mfereji huo. Watu hawa hawakuwa wakiketi tu kungoja majaaliwa.

Kisha yakaja mabwawa. Maji ya gharika yalizuiliwa juu ili mitambo isikose maji wakati wa kiangazi. Udongo ukatua katika sakafu ya Masinga badala ya mashamba ya Garsen na Ozi. Mafuriko ya kawaida, yale madogo yenye manufaa, yakapungua. Mafuriko makubwa hayakupungua, maana mabwawa yakifurika hakuna wa kuyazuia, na mkulima hupelekewa kwa pigo moja maji ambayo zamani aliyapata kwa awamu. Mto ulipodhoofika bahari ikaona njia. Maji ya chumvi yakapanda kufuata mkondo, na huko Ozi na Kipini wakulima wamepoteza mpunga, na hata miembe, kwa chumvi. Bahari nayo, kwa ongezeko la joto la dunia, inazidi kupanda. Delta inasukumwa pande zote mbili, na katika pande hizo mbili hakuna hata moja ambayo mkulima wa mpunga aliulizwa rai yake.

Tumesahau upesi mno yaliyotokea deltani mwaka 2012. Kuanzia Agosti mwaka huo hadi mapema 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano baina ya Wapokomo na Waorma. Siasa ilikuwamo, tena nyingi. Lakini kiini kilikuwa maji, malisho na ardhi, katika delta ambayo miaka michache kabla ya hapo ilikuwa imekwisha kupangiwa mashamba makubwa ya miwa na ya mimea ya mafuta. Mwaka huohuo wa 2012 hekta 163,600 za delta hiyo ziliandikishwa katika orodha ya ardhioevu muhimu duniani chini ya Mkataba wa Ramsar. Ulimwengu ulitambua thamani ya ndege na mikoko katika mwaka uleule ambao watu walikuwa wakizikana.

Ni juu ya msingi huo uliokwisha kubomolewa ndipo mabadiliko ya tabianchi yalipokuja kusimama. Tangu mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika sehemu kubwa ya mashariki na kaskazini ya nchi yetu, ukame ambao haukuwa umeonekana kwa takriban miaka 40. Mifugo ikafa. Kisha Oktoba 2023 mbingu zikafunguka. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walikadiria kwamba mvua za Oktoba hadi Desemba mwaka huo ziliongezewa nguvu, pengine hata maradufu, na joto ambalo binadamu ameliongeza duniani. Yule aliyezika ng'ombe kwa kiu ndiye aliyepanda mtumbwi kuihama nyumba yake.

Budalangi hali ni hiyohiyo, ila majina hubadilika. Nzoia ulifurika wakati wa El Nino ya 1997 na 1998, na mara kadhaa baadaye. Matuta yaliyojengwa kuukinga yakapasuka, yakazibwa, yakapasuka tena. Mwaka 2020 mto ulivunja matuta wakati Ziwa Victoria lenyewe lilikuwa limepanda: Mei mwaka huo, katika kipimo cha Jinja, ziwa lilifikia mita 13.42 na kuipita rekodi ya 1964. Utafiti uliochapishwa 2024 ulionyesha kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliongeza uwezekano wa kupanda kwa namna ile mara 1.8. Mara 1.8 si kila kitu. Sehemu iliyobaki ina maelezo ya karibu zaidi: misitu iliyofyekwa Cherangani na Elgon, mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni mwa mto licha ya sheria kutenga ukanda usioguswa, vinamasi vilivyokaushwa vikagawanywa viwanja, na mitaro ya miji kama huu wetu. Udongo huo huinua sakafu ya mto, na mto ulioinuliwa sakafu hauhitaji mvua ya ajabu ili uruke tuta.

Sasa nifikie jambo lililonifanya nishike kalamu. Novemba 2022, huko Sharm el-Sheikh nchini Misri, mataifa yalikubaliana kuanzisha mfuko wa kuzifidia nchi maskini hasara zinazoletwa na mabadiliko ya tabianchi. Kenya ilikuwa miongoni mwa waliopaza sauti, na Septemba 2023 ilikaribisha Nairobi mkutano wa kwanza wa Afrika juu ya jambo hilo. Hoja yetu ilikuwa nyofu: aliyenufaika kwa moshi amlipe anayeumia kwa moshi huo, na amlipe kwa kuwa anadaiwa, si kwa kuwa ana huruma. Mimi naiunga mkono hoja hiyo kwa mikono miwili. Nchi ambayo haitoi hata sehemu 1 katika 100 ya moshi wa dunia haina sababu ya kuinamisha kichwa mbele ya wenye viwanda.

Lakini kanuni haifi ifikapo mpakani. Ikiwa aliyenufaika hana budi kumlipa aliyeumia, basi sisi tulionufaika kwa umeme wa Tana na kwa mahindi ya nyanda za juu tunadaiwa na Ozi na Budalangi kwa hoja ileile tuliyoitoa Misri. Nyani haoni kundule. Tunawasuta Wazungu kwa kutuletea misaada badala ya fidia, kisha mto ukifurika twawapelekea watu wa delta magunia ya mahindi na mablanketi, tukipigwa picha, na kuiita sadaka.

Najua nitakavyojibiwa. Mpangaji wa chumba kimoja hapa Munyaka, ambaye naye hulala akihofia kodi ya mwisho wa mwezi, siye aliyejenga Masinga wala aliyekata miti Cherangani. Kweli kabisa. Simpelekei yeye hati ya madai. Namwomba tu akumbuke mwanzo wa 2008, wakati maelfu ya watu wa Eldoret walipolala chini ya maturubai katika uwanja wa maonyesho, na jinsi lilivyokuwa chungu neno la kila mgeni aliyekuja na kuuliza kwa nini wasihamie kwingine. Swali hilohilo huulizwa Budalangi kila mwaka wa mafuriko. Wahamie wapi? Ardhi ya juu ina wenyewe, na wenyewe ndio sisi.

Wanaodaiwa hasa ni serikali kuu, serikali za kaunti za juu ya mito na mashirika yanayouza umeme na maji. Dawa ya deni ni kulipa, na malipo yenyewe si fumbo. Mabwawa ya Tana yaweza kuendeshwa kwa namna itakayofungulia maji kiasi msimu wa kupanda, ili mpunga unywe na chumvi irudishwe baharini. Megawati chache zitakazopotea ndizo malipo. Sehemu ya mapato ya umeme yaweza kupelekwa deltani kwa kiwango kilichoandikwa katika sheria, isiwe hisani ya waziri aliyeko. Kaunti ya Uasin Gishu na jirani zake zaweza kuchangia ulinzi wa kingo za Nzoia katika bajeti zao, kwa maana udongo unaojaza mto ni wao. Na hatimiliki za watu wa delta zitolewe kwanza, kabla ya mwekezaji mwingine kuonyeshwa ramani.

Walimu nao wana sehemu yao. Mwaka 2024 mafuriko yalichelewesha kufunguliwa kwa shule nchini kote hadi Mei 13, na wanafunzi wengi wa huku juu waliziona kama siku za likizo zilizoongezwa. Zilipofunguliwa, nashuku kama darasa hata moja la Eldoret liliulizwa maji yale yalikuwa yametoka wapi. Somo lenyewe halihitaji kitabu kipya. Watoto watolewe nje siku ya mvua, wasimame kando ya mtaro, kisha warudi ndani waufuate kwa kidole juu ya ramani hadi Port Victoria. Maji hayo hayafiki kule kwa saa moja. Baina ya mvua ya Cherangani na tuta la Budalangi kuna muda wa kumwonya mtu ahamishe watoto, mbuzi na mbegu zake, iwapo huku juu kuna aliyeona ni wajibu wake kupiga simu.