Nani Anayefuta Vumbi?

Husemwa kwamba nyumba yenye watu wengi haiwezi kuwa safi. Nakataa. Chuo cha ualimu nilichokiongoza kilikuwa na mamia ya wanachuo, nacho kilikuwa safi kabla ya kipindi cha kwanza, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na eneo lake: huyu bwalo, yule mifereji, wale vyoo. Ndivyo ilivyotaka Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, na wavulana walipiga deki sawa na wasichana.

Lakini mwalimu huyo huyo akifika kwake hukaa kitini akangoja chai. Nami sijitoi. Miaka mingi nililimbikiza stoo magazeti ya zamani, redio mbovu mbili, viti vilivyovunjika miguu, na madaftari ya wanachuo ambao sasa wana wajukuu. “Vitafaa,” nilisema. Vilifuga mende, na kila Jumamosi mama watoto alivitoa, akavipangusa, akavirudisha. Mali yangu, kazi yake!

Mwaka jana mjukuu wangu wa kike alichelewa shule. Alikuwa akiosha vyombo vya usiku. Kaka yake, aliyekula katika sahani zizo hizo, alikuwa bado amelala. Nilitaka kumkaripia, nikakumbuka aliyajifunza kwa nani.

Wazazi wenzangu, acheni kumsingizia msichana wa kazi na wingi wa wageni. Redio nimempa fundi, magazeti amechukua mwenye duka. Vyombo vya usiku sasa ni vyangu na kijana yule. Bado ananuna.