Jua la utosini, droni ibaki chini

Harusi nyingi za Dar es Salaam na Mombasa siku hizi zina droni. Kamati inailipia, MC anaitangaza, wageni wanainua nyuso. Sisi hatuna ugomvi na hilo; picha za angani ni nzuri na zimewapa vijana wengi kazi ya halali. Ugomvi wetu ni na saa inayopangwa. Ratiba nyingi zinataka droni iruke msafara unapotoka kanisani au msikitini, na mara nyingi hapo ni kati ya saa sita na saa tisa mchana. Katika msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, hewa ya pwani hufika nyuzi 32 au 33 kivulini, na droni hairuki kivulini.

Msimamo wetu ni huu. Siku ya joto kali, droni hizi za kununua dukani zisirushwe kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, na zikilazimika kurushwa saa hizo, zisipite kabisa juu ya vichwa vya watu. Jukumu si la mpiga picha peke yake. Anayemlipa na anayepanga ratiba wanabeba sehemu yao, na kwa maoni yetu sehemu hiyo ni kubwa.

Watengenezaji wenyewe wameandika kikomo. DJI Mini 4 Pro, chombo kisichofika gramu 250, kimetengenezwa kuruka hewa isipozidi nyuzi 40 za Selsiasi. Mavic 3, iliyo kubwa na ghali zaidi, ina kikomo hichohicho. Mtu wa Tanga akisoma 40 anajiona yuko salama, maana redio imesema 33. Lakini joto linalotangazwa redioni ni la hewa, tena limepimwa kivulini. Lami na mabati ya mchana hupita nyuzi 50 bila shida. Droni iliyotuliwa juu ya lami ikisubiri maharusi inachomwa na jua kwa juu, na lami kwa chini, huku kamera na prosesa zikizalisha joto lao ndani. Na kule Lodwar au Garissa, ambako hewa yenyewe mara nyingi hupita nyuzi 35 alasiri, nafasi iliyobaki kabla ya kufika kikomo ni ndogo mno.

Ndiyo maana tunasema hatari inaanzia chini. Droni ndogo hutegemea sana upepo wa propela zake kujipoza. Ikiwa hewani, upepo huo unapita mwilini mwake muda wote. Ikiwa imewashwa na imekaa chini, hakuna kinachopita, na joto linapanda haraka. Rubani anaiwasha mapema ili awe tayari, mchungaji anaongeza maneno mawili, msafara unachelewa, na chombo kinaruka kikiwa tayari kimechemka. Nyingine hujizima zenyewe zikiwa bado chini, na hiyo ni bahati njema. Iwashwe dakika ya mwisho, ikiwa kivulini, juu ya kitambaa au mkeka wa rangi nyeupe. Kusasisha programu kufanyike nyumbani usiku uliotangulia, mbele ya feni, kamwe si uwanjani.

Betri inahitaji maneno mengi zaidi, kwa kuwa ndiyo inayoweza kuwaka. Betri za droni ni za lithiamu. Joto huharakisha kemia yake: vimiminika vya ndani huanza kuvunjika, gesi hutokea, na betri huvimba. Wapiga picha wanazijua betri zilizovimba. Wengine wanazibana kwa mkono mpaka ziingie, wanaruka. Hilo likome leo. Betri iliyovimba ikipata joto zaidi, au ikigongwa, inaweza kuingia katika mwako unaojilisha wenyewe, ambapo seli moja huiwasha jirani yake. Isitobolewe, isichajiwe, isitupwe kwenye pipa la taka la mtaani ambako mtoto au mwokota chupa ataiokota. Itengwe nje ya nyumba, mbali na vitu vinavyoshika moto, na muuzaji wa vifaa hivi aulizwe namna ya kuipokea.

Mahali pabaya kuliko pote pa kuhifadhi betri ni ndani ya gari lililofungwa. Gari lililoegeshwa juani kwa saa moja tu hupita nyuzi 50 ndani, na juu ya dashibodi ni zaidi. Betri zilizojaa chaji huumia zaidi na joto kuliko zilizo nusu. Kwa hiyo zisijazwe siku tatu kabla ya shughuli. Zijazwe usiku wake au asubuhi yake, na zinazokaa kabatini zibaki karibu na nusu. Siku ya kazi zibebwe kwenye begi lenye kitambaa kinene, zikae kivulini pamoja na watu. Kuna wanaozitia kwenye kasha la barafu pamoja na soda. Tunaelewa nia, lakini betri ya baridi ikitolewa kwenye hewa yetu nzito ya pwani hutoka jasho, na unyevu juu ya nukta za umeme huleta madhara yake. Kivuli na hewa inayopita vinatosha.

Kuchaji kuna kikomo chake: kati ya nyuzi 5 na 40. Betri inayotoka kuruka mchana ni ya moto kuliko hapo. Betri nyingi za kisasa hukataa kuchajiwa mpaka zipoe, na rubani mwenye haraka hukasirika, hubadilisha chaja, hujaribu ya bei rahisi isiyo na ulinzi huo. Aache. Betri iachwe kivulini ipoe mpaka isichome kiganja, ndipo ichajiwe, juu ya sakafu ya saruji au vigae, mtu akiwa macho karibu. Si juu ya godoro, wala si ndani ya gari linalounguruma. Ikianza kutoa moshi, watu waondolewe kwanza. Kisha maji mengi, mchanga au mtungi wa poda kavu.

Joto linaibadilisha hewa yenyewe pia, jambo ambalo wengi hawalifikirii. Hewa ya moto ni nyepesi, na propela inapata kidogo cha kushikilia. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 33, hewa yake ina uzito pungufu kwa zaidi ya asilimia 15 ikilinganishwa na hewa ya nyuzi 15 kando ya bahari. Mota zinalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kubeba uzito uleule, zinakula umeme zaidi, zinapata joto zaidi. Zile dakika 34 zilizoandikwa kwenye maelezo ya Mini 4 Pro zilipimwa pasipo upepo kabisa, kwa mwendo mmoja usiobadilika. Anayezihesabu kama zilivyo juani mwa Dodoma anajidanganya. Tunashauri chombo kishushwe betri ikiwa bado na asilimia 30, na safari zenyewe ziwe fupi, dakika 10 hadi 12, kisha kipumzike.

Mchana huohuo ardhi iliyochomwa hurusha hewa juu kwa mikupuo. Chamchela hutokea ghafla kwenye viwanja vya vumbi, Turkana na Dodoma kwa wingi, na chombo cha gramu 249 ni chepesi mno kushindana nayo. Pwani, upepo wa bahari hushika kasi kadiri mchana unavyokwenda. Mota iliyokwisha kutumia nguvu zake kujishikilia kwenye hewa nyepesi haina akiba kubwa ya kupambana na upepo wa ghafla.

Kisha kuna simu. Marubani wengi wanatumia simu zao kama skrini ya droni. Apple inasema iPhone itumike hewa isipozidi nyuzi 35. Ikizidi, skrini hufifia, na hatimaye simu huonya kwamba lazima ipoe kwanza. Rubani hapo amepofuka, chombo kiko juu ya mahema. Kwa droni nyingi za aina hii jibu ni tulivu, na kila anayezirusha alijue kabla ya siku hiyo: rimoti inaendelea kuwasiliana na chombo hata simu ikizima. Chombo kitasimama hewani kikisubiri amri. Atazame juu, akione kwa macho yake, abonyeze kitufe cha kurudi nyumbani. Hilo litafaa tu kama kabla ya kuruka aliweka kimo cha kurudia kinachopita minazi, minara na nguzo za simu zilizopo, bila kuvuka futi 400 zinazoruhusiwa. Wala asisimame peke yake juani. Mtu aliyekaa na kiu saa mbili hufanya uamuzi mbaya. Awe na maji, kofia, na mwenzake wa kumtazamia anga.

Watu walio chini ndio sababu ya maandishi haya yote. Betri ikizima ghafla kwa joto, droni yenye propela nne haielei kama tiara. Inaanguka moja kwa moja. Ikitoka mita 50, hata yenye gramu 249 inaweza kumjeruhi mtoto vibaya, na propela zinaweza kuwa bado zinazunguka. Kenya ina kanuni zake za vyombo hivi tangu mwaka 2020, Tanzania inadai vibali, na marubani wafuate taratibu hizo zote. Hata hivyo kibali hakipozi betri. Anayeona nyuzi 36, upepo na umati, na karatasi yake ina mihuri yote, bado ana wajibu wa kukataa kuruka.

Na kukataa kunamgharimu. Hapa ndipo tunapowageukia wateja. Tunasikia mara kwa mara kwamba kijana aliyesema chombo kimechemka aliambiwa hajui kazi, akakatwa malipo, na akaruka safari iliyofuata ili asikatwe tena. Kamati za harusi, vyama vya siasa wakati wa mikutano, waandaaji wa ligi za mitaa: droni iwe na saa yake kwenye ratiba, asubuhi kabla ya saa tatu au jioni kuanzia saa kumi na nusu. Mwanga wa saa hizo ni mzuri zaidi hata kwa picha, kwa kuwa jua la utosini hukausha rangi na kuzitia nyuso vivuli vizito. Picha za mchana zipigwe na kamera ya mkononi.

Wauzaji nao wana deni. Droni inauzwa Kariakoo au Nairobi ikiwa na kijitabu cha Kiingereza au Kichina chenye onyo la joto lililofichwa kurasa za ndani. Karatasi moja ya Kiswahili inatosha: nyuzi 40, usiache garini, usichaji ya moto, usirushe iliyovimba. Haigharimu kitu ukilinganisha na bei ya chombo.

Mkataba wa mpiga picha nao uandikwe upya. Useme wazi kwamba rubani ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu kuruka au kutoruka, na kwamba malipo yake hayapunguzwi anaposubiri jua lishuke.