ULIMI HAUPIMWI KWA KALAMU

Walimu wa Kiingereza katika nchi yetu ya Tanzania wananung'unika, na sisi twaona wana haki. Yafaa wakubwa wa elimu wawasikilize mapema, maana mambo yaliyo mbele si madogo.

Mwaka 2005 mtaala wa sekondari uligeuzwa. Mwalimu aliambiwa aache kukaririsha, amfunze mtoto kuitumia lugha: kusikiliza, kusema, kusoma na kuandika. Shauri hilo lilikuwa jema. Lakini mtihani wa kidato cha nne ulibaki wa karatasi na kalamu, mtoto hasikilizwi akisema hata neno moja. Basi mwalimu afanye nini? Akiwazungumzisha watoto, mtihani hautauliza hayo. Asipowapitisha katika maswali ya miaka iliyopita, wakianguka ataulizwa yeye. Tena darasa likiwa na watoto 70, na kila mmoja aseme kwa dakika moja tu, kipindi cha dakika 40 kitakwisha na 30 hawajafungua kinywa.

Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 hatujayasahau. Yalipotangazwa mara ya kwanza, watahiniwa sita katika kila kumi walipata sifuri. Kisha yakafutwa na kupangwa upya mwaka 2013. Wengi waliwanyoshea walimu kidole. Lakini mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha akakuta Historia, Jiografia na Baiolojia zote kwa Kiingereza, haanguki katika somo moja. Lugha humwangusha katika yote.

Sasa mtaala umegeuzwa tena. Utekelezaji ulianza Januari 2024: Kiingereza kinaanza darasa la kwanza, na shule ya msingi inafanywa ya miaka sita. Kwa mpango huo, watoto wa darasa la sita na wale wa darasa la saba watamaliza pamoja mwaka 2027, na kuukabili mlango mmoja wa kidato cha kwanza. Mwalimu yule yule atapokea mafungu mawili kwa mpigo.

Hatusemi mtaala mpya ni mbaya, wala hatusemi Kiingereza kiachwe. Twasema mkulima hupewa jembe kabla ya kudaiwa mavuno.

Kwanza, mwalimu wa darasa la kwanza aliyezoea kufundisha kwa Kiswahili apewe mafunzo ya kutosha ya Kiingereza, si semina ya siku mbili. Pili, kusema na kusikiliza kuwe na alama katika mtihani wa taifa. Kisichopewa alama hakitafundishwa. Tatu, mtihani unapopangwa, walimu wa madarasani waitwe, na maneno yao yaandikwe.

Haya yafanywe sasa, kabla watoto hao hawajafika mlangoni.