Tabibu na ajifunze kuiuliza picha

Ni jambo lisilopingika kwamba tabibu wa leo hawezi kufanya kazi yake barabara bila picha. Tangu Wilhelm Röntgen avumbue miale ya eksirei mjini Würzburg, Ujerumani, mnamo Novemba 1895, na hasa tangu mgonjwa wa kwanza apigwe skani ya CT jijini London mwaka 1971, mwili wa binadamu umekuwa mithili ya kitabu kilichofunuliwa. Hata hivyo, kitabu kufunuliwa ni jambo moja na kusomwa ni jambo jingine. Ndiposa leo ninataka kujadili suala linaloonekana dogo machoni pa wengi: jinsi madaktari wanaosomea ubingwa wa tiba ya ndani wanavyopaswa kukipanga kipindi chao cha hiari katika idara ya radiolojia.

Huenda msomaji akauliza mwanaisimu ameingiaje katika uwanja wa matabibu. Ni kweli kwamba udaktari wangu ni wa lugha wala si wa sindano. Lakini kiini cha suala hili ni lugha. Tabibu wa wodini huuliza swali, bingwa wa radiolojia hujibu, kisha mgonjwa hutibiwa kulingana na jinsi jibu lilivyoeleweka. Swali likiwa bovu, au jibu likisomwa visivyo, hakuna mashine itakayomwokoa mgonjwa.

Hapa kwetu, vyuo vikuu vya Nairobi, Moi na Aga Khan hutoa shahada ya uzamili katika tiba ya ndani. Nchini Marekani mafunzo ya aina hiyo huchukua miaka 3. Katika mifumo mingi ya mafunzo haya, mwanafunzi hutengewa majuma kadhaa ya kujichagulia idara atakayoizuru. Wapo wanaochagua radiolojia kwa sababu isiyo ya elimu: wanatafuta mahali pa kupumzika baada ya zamu za usiku. Mwanafunzi wa namna hii huketi nyuma ya bingwa katika chumba chenye giza, akatikisa kichwa kila anapoelezwa jambo, na mwishoni akatiwa saini. Amekiona kila kitu ila hakujifunza lolote.

Kwa upande mwingine, wapo wenye bidii ambao hulenga shabaha isiyofaa. Hao hutaka kutoka pale wakiwa nusu mabingwa wa radiolojia. Nchini Marekani bingwa huyo husomea radiolojia kwa miaka 4, baada ya mwaka mmoja wa utangulizi wodini. Majuma manne hayawezi kushindana na miaka minne. Kwa maoni yangu, shabaha inayofaa ni moja: tabibu wa tiba ya ndani aende radiolojia kujifunza kuuliza. Mengine yote yafuate hapo.

Hebu tutazame fomu ya kuombea picha. Mara nyingi daktari aliye na haraka huandika maneno mawili tu: "Kifua. Homa." Sasa linganisha na fomu hii ya kubuni: "Mwanamke wa miaka 46, ana kisukari, amekohoa kwa siku kumi. Alitibiwa kifua kikuu miaka mitatu iliyopita. Je, lililoko juu ya pafu la kulia ni kovu la zamani au ugonjwa mpya? Picha ya zamani imeambatishwa." Picha inayopigwa ni ile ile, na mashine ni ile ile. Lakini msomaji wa fomu ya kwanza anabahatisha, ilhali wa fomu ya pili anajua alitafutalo na ana picha ya kulinganishia. Katika isimu tunasema kwamba maana haikai katika maneno pekee bali pia katika muktadha. Picha nayo ni vivyo hivyo.

Aidha, misingi ya kusoma picha haimtishi mtu aliyewahi kusoma fonolojia. Sauti p na b hutambulika kwa kutofautiana. Pasipo tofauti hiyo "pata" na "bata" lingekuwa neno moja. Katika eksirei, vilevile, kitu huonekana kwa kutofautiana na jirani yake: hewa, mafuta, maji na nyama za mwili, mfupa, chuma. Moyo huonekana kwa sababu umepakana na pafu lililojaa hewa. Nimonia ikishika sehemu ya kati ya pafu la kulia, hewa huondoka pale, na ukingo wa kulia wa moyo hufifia. Mwanafunzi akishika kanuni hii moja, atakuwa amepata ufunguo wa milango mingi.

Kipindi hiki kipangwe vipi basi? Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na majuma manne bila mpango huisha vivyo hivyo. Kwanza, kisiwekwe mwanzoni mwa masomo. Mwaka wa pili unafaa zaidi, kwa kuwa mwanafunzi amekwisha kuwaona wagonjwa wengi na ana maswali yake mwenyewe. Pili, aandike maswali hayo kabla ya kuingia na kuyajadili na bingwa atakayemsimamia. Tatu, kila juma liwe na kazi yake: la kwanza liwe la picha za kifua, la pili la ultrasaundi, akishika kifaa kwa mkono wake, la tatu la skani za kichwa na tumbo, la nne aketi na wanaopokea fomu, aone zipi hukubaliwa, zipi hurudishwa, na kwa nini. Nne, asisomewe picha kabla hajaisoma. Aandike ripoti yake kwanza, kisha ailinganishe na ya bingwa. Tano, amfuate mgonjwa hadi wodini ajue mwisho wake, kwani huko ndiko jibu la picha huthibitishwa au hukanushwa.

Jambo jingine la kujifunza ni daraja za uhakika. Kiswahili kina "bila shaka", "yamkini", "huenda" na "haielekei", na kila neno lina uzito wake. Ripoti za radiolojia nazo zina ngazi kama hizo. Bingwa anapoandika kwamba uwezekano wa saratani hauwezi kupuuzwa, hajasema kwamba mgonjwa ana saratani. Vilevile, mgonjwa aliyepooza upande mmoja saa mbili zilizopita anaweza kupigwa skani ya CT ya kichwa na ripoti ikasema hakuna kasoro. Je, hana kiharusi? La hasha! Kiharusi cha kuziba mshipa huweza kutoonekana katika saa za mwanzo. Faida kubwa ya skani hiyo ni kujibu swali jingine, yaani kama damu imevuja ubongoni. Tabibu asiyejua picha imejibu swali gani anaweza kumrudisha mgonjwa nyumbani na kumpoteza.

Isitoshe, kuuliza ovyo kuna gharama. Picha moja ya kifua humpa mgonjwa takriban milisiveti 0.1 ya mnururisho au pungufu. Skani ya CT ya tumbo huweza kufikia milisiveti 8 au zaidi, ilhali wastani wa kile ambacho binadamu hupata kutokana na mazingira yake duniani ni milisiveti 2.4 kwa mwaka mzima. Baadhi ya skani huhitaji pia dawa ya kudungwa mshipani ili picha ing'ae, na dawa hiyo hutakiwa hadhari kwa wenye figo dhaifu. Juu ya hayo kuna fedha. Mkulima anayeuza mbuzi ili alipie skani isiyojibu swali lolote amedhulumiwa, hata kama hakuna aliyekusudia kumdhulumu.

Kwetu Kenya jambo hili lina uzito wa pekee. Mwaka 2015 serikali ilianzisha mpango wa kukodi mitambo ya tiba, ikiwemo ya radiolojia, kwa hospitali 98 kote nchini. Kamati maalum ya Seneti iliyouchunguza mpango huo ilitoa ripoti mwaka 2020, na miongoni mwa kasoro zilizobainika ni mitambo kukaa bure mahali ambapo wataalamu wa kuitumia walikosekana. Funzo ni wazi: mashine hununuliwa au hukodishwa kwa sahihi moja, ila macho ya kuisoma huchukua miaka kuandaliwa. Daktari wa tiba ya ndani anayepelekwa kaunti ya mbali huenda akaipata mashine na asimpate bingwa wa kumsomea usiku huo. Tena, utafiti wa kitaifa wa kifua kikuu wa 2015 na 2016 ulionyesha kwamba wengi wa waliougua hawakuwa na kikohozi cha muda mrefu, na picha za kifua zilisaidia sana kuwafichua.

Wapo watakaosema kwamba kompyuta itatuondolea kazi hii. Ni kweli kuwa mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha matumizi ya programu za kompyuta katika kusoma picha za kifua ili kuwabaini wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu. Ninaikaribisha hatua hiyo. Hata hivyo, programu hujibu swali iliyoundiwa. Bado anahitajika mtu wa kujua kama swali hilo ndilo la mgonjwa aliyelala mbele yake. Wengine watasema wodi zina uhaba wa madaktari, hivyo majuma manne ni anasa. Ninawajibu kwamba daktari anayeomba picha tatu pale ambapo moja ingetosha ndiye anayeizidishia hospitali kazi.

Hatimaye yuko mgonjwa mwenyewe. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza, naye huisubiri kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama. Akiambiwa ana "kivuli" pafuni, anaweza kwenda nyumbani akiwaza mizuka. Akiambiwa "hamna kitu", anaweza kudhani kwamba maumivu yake yamekanushwa. Afadhali aambiwe: "Picha haikuonyesha mfupa uliovunjika, lakini maumivu yako ni ya kweli na tutaendelea kutafuta chanzo chake." Kumfafanulia mgonjwa ripoti kwa lugha aielewayo ni stadi, na inastahili kufanyiwa mazoezi na kusahihishwa katika kipindi hicho hicho.

Ninawarai wahadhiri wa tiba wakitahini kipindi hiki kwa njia rahisi: wachukue fomu kumi ambazo mwanafunzi aliandika kabla ya kwenda radiolojia na kumi alizoandika baada ya kurejea, wazilinganishe. Iwapo maswali hayakunyooka zaidi, basi kipindi kilipotea. Nasi tulio katika vyuo vya ualimu tusicheke, kwa maana tunawatuma wanafunzi wetu kwenye mazoezi ya kufundisha bila hata swali moja la kuwaongoza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na kwa tabibu, asichojifunza hulipiwa na mgonjwa.