Ng'ombe Wetu Amepoteza Alama Yake

Leo hatuandiki habari za mishahara wala za bei ya unga. Twaandika habari ya alama moja ndogo kama ukucha wa mtoto mchanga, ile iitwayo ritifaa, inayokaa juu baada ya ng katika neno ng'ombe. Wako watakaocheka. Na wacheke, ila wasome kwanza.

Hapa Kamina njia za reli zakutana, moja ikitoka Lubumbashi kwenda Ilebo, nyingine ikishika upande wa Kabalo. Watu wa makabila mengi wamekuja kwa njia hizo, kila mtu na jina lake. Lakini jina likifika mezani kwa karani hugeuka. Tazameni ajabu hii. Mfalme wa Wayeke, aliyeuawa Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891, vitabu vingi vya Wazungu humwandika M'Siri. Kati ya M na S pana nini? Hapana kitu. Ni ulimi wa mgeni ulioshindwa, akatia alama kama mtu atiaye gogo ili avuke mto. Uwanja wa ndege wa Kinshasa nao ni N'Djili, kwa desturi ile ile. Ila ng'ombe, ambaye sauti yake yataka alama, twamwona kila siku akiandikwa ngombe.

Kazi ya alama hii ni rahisi kueleza. Katika ngoma, g yasikika. Katika ng'ombe, kwa Kiswahili cha pwani, sauti yote yapita puani, g haimo. Kung'oa ni kutoa mti na mizizi yake; ngoa ni wivu. Ondoa alama, na msomaji hajui kama shambani mmekwenda kufanya kazi au kugombana.

Lugha nyingine zimeipa alama kama hiyo kazi tofauti, ya kuonyesha sauti inayokatwa kooni. Wasomali, walipochagua herufi za Kilatini mwaka 1972, waliandika ng'ombe wao lo', na hiyo alama ya mwisho ni sauti kamili. Ile ayn ya Kiarabu waliipa herufi c, ndiyo maana Ali kwao ni Cali. Waoromo humwandika mbuzi re'ee. Watu wa Hawaii huiita yao ʻokina, nao huihesabu kuwa herufi sawa na herufi nyingine.

Je, sisi tusemao Kiswahili? Maneno tuliyoazima kwa Waarabu yalikuwa na sauti ya koo. Saa ni moja. Jamaa ni lingine, na wazee wa migodi wa Kolwezi walijua vema, kwa kuwa ndilo jina la jumuiya ya Wakatoliki iliyoanza katika miaka ya 1950 kwa mafundisho ya Padre Placide Tempels. Kwa Kiarabu, kati ya zile a mbili za mwisho mna ayn. Kinywa cha Mswahili kiliiacha, kalamu nayo ikaiacha, zikabaki a mbili. Sawa kabisa. Hatudai alama kwa sauti iliyokwisha kufa kinywani.

Wenzetu wengine wa Katanga watatujibu: "Nasi twatamka ngombe, g yasikika, alama ya nini?" Neno hili lina uzito, hatulikwepi. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville kwa Kiswahili cha watumishi wa nyumbani, kwa maandiko ya namna yake mwenyewe, na kazi yake ikachapishwa mwaka 1990 na kusomwa na mabingwa wa nchi za mbali. Nani atathubutu kumsahihisha? Atamkaye g na aandike g.

Lakini jina la mtu si mali ya karani. Ukoo wa kifalme wa Babemba ni Bena Ng'andu, watu wa mamba. Mchimbaji mwenye jina hilo akifa, karatasi ya mshahara ikisema Ngandu, kitambulisho kikisema N'Gandu, cheti cha ndoa kikisema Ng'andu, mjane ataambiwa kwamba hao ni watu watatu. Atarudi nyumbani mikono mitupu, na watoto wanangoja chakula. Hapo ndipo kicheko kinapokwisha.

Mashine nazo zimeongeza taabu. Taasisi ya lugha za Afrika iliyoanzishwa London mwaka 1926 ilishauri herufi ŋ, na Waganda waliipokea katika maandiko yao ya mwaka 1947. Kiswahili kilibaki na ng', ambayo kila taipu iliweza kuipiga. Leo simu zina alama kadhaa zinazofanana machoni, moja iliyonyooka, nyingine zilizopinda, na mashine huzihesabu kuwa mbalimbali. Ile ya kufungia maneno ya msemaji yaweza kulikata jina vipande viwili. Tafuta jina kwa alama hii wakati liliandikwa kwa ile, nalo halionekani.

Sisi twashauri iliyonyooka, hiyo moja, kila ofisi. Karani amsomee mtu jina lake kwa sauti kabla ya kupiga muhuri. Katiba ya mwaka 2006 imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tangu mwaka 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Karatasi zetu zitavuka mipaka kuliko zamani.

Baba na mama, fungueni masanduku jioni hii, mlinganishe karatasi zenu zote. Mkiona tofauti, nendeni ofisini mngali hai wote wawili.