Usinihesabie Nyota za GitHub

Kuna ubishi usiokufa katika magrupu ya WhatsApp ya wasanidi programu wa Nairobi: React, Vue au Angular, fremuweki gani imekomaa? Ushahidi ni ule ule kila mara. Mmoja anatuma picha ya nyota za GitHub. Mwingine anasema ya kwake iko na Google nyuma. Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye anayeuza kozi, anakwambia uangalie matangazo ya kazi. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo sina cheti cha kumtisha mtu. Lakini sehemu ya kodi yangu ya nyumba hulipwa na miongozo ninayowaandikia watu wanaotumia vitu hivi, na nasema hoja zote tatu ni hewa.

Tuanze na hiyo ya Google. AngularJS ilitoka 2010 na ikapendwa sana. Kisha Oktoba 2014, kwenye mkutano Paris, wenyewe wakatangaza toleo la pili litakalotupa karibu kila kitu watu walichojifunza. Angular 2 ilifika Septemba 2016, imeandikwa upya kabisa. (Toleo la tatu likarukwa, tukaamkia la nne 2017. Usiniulize.) AngularJS yenyewe ikaachwa rasmi mwisho wa 2021. Miaka ilitolewa, ndiyo, na hata njia ya kuendesha zote mbili pamoja ilikuwepo. Lakini nani ana pesa za kuhama?

Namjua mwenye duka la vipuri Kirinyaga Road aliyelipia mfumo wa stoki mara moja akadhani amemaliza. Uliandikwa kwa AngularJS. Kila kijana anayeitwa kuurekebisha anauangalia dakika tano, anakuna kichwa, anasema, "Boss, hii tuandike upya," halafu anataja bei ya mfumo mzima. Huyo mzee hajui Google wala nyota. Anajua tu kwamba kitu alichonunua kinafanya kazi na bado anaambiwa kimekufa.

Kwa hivyo swali langu kuhusu ukomavu ni moja: siku waandishi wa fremuweki walipobadilisha mawazo, walimfanyia nini mtu aliyekuwa amewaamini?

Kwa swali hilo, React ya Facebook, iliyotolewa 2013, inapata alama nzuri kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Hooks zilipokuja Februari 2019 kila mtu alikimbilia huko, lakini vijenzi vya zamani vilivyoandikwa kwa klasi bado vinafanya kazi mpaka leo. Huo ndio ukomavu, na husikii mtu akiutaja. Shida ni kwamba React ni moyo tu. Viungo vingine unajitafutia mwenyewe, na huko nje ni matatu bila kondakta. Create React App, ambayo wanafunzi walianzishwa nayo kwa miaka, ilistaafishwa Februari 2025. Kuna watu walikuwa bado wanaiuza kwenye kozi.

Vue ilianzishwa na Evan You 2014 bila kampuni kubwa nyuma yake. Vue 3 ilitoka Septemba 2020, na Vue 2 ikatunzwa hadi mwisho wa 2023. Heshima. Lakini maktaba zake zilichelewa vibaya. Vuetify ilichukua zaidi ya miaka miwili kufika Vue 3, na waliojenga juu yake walibaki wamekaa stejini.

Sasa nitaje ile mnayoicheka: Ember. Ember 2.0 ya 2015 kimsingi ilikuwa 1.13 ikiwa imeondolewa vitu vilivyokwisha kutangazwa kwamba vitaondoka. Unaonywa kwanza, unarekebisha polepole, kisha kitu kinaondolewa. Matoleo yanakuja kila wiki sita bila kelele. Matangazo ya kazi? Karibu hakuna. Na jQuery ya 2006, babu wa ukoo, bado inaendesha tovuti nyingi duniani huku wajukuu wakimwonea aibu.

Najua utanijibu nini. Landlord hapokei Ember. Sawa kabisa, jifunze React, hata mimi nitakwambia ujifunze. Ila sema unaifuata kwa sababu ya kazi. Usimwambie mteja wa Kirinyaga Road kwamba umemchagulia iliyokomaa, wakati ulichoangalia ni idadi ya watu waliobonyeza nyota. Na ukija kwa grupu tena na chati yako, nitumie pia ukurasa wa kuhama kutoka toleo lililopita. Nitausoma wote, kisha tubishane.